Namna ya kusoma filozofia ku Lubumbashi mpaka utoke na distinksio

Kila mwaka wakati rezilta ya Exetat (egzamen ya serikali ya kumaliza sekondari) inatoka na batoto banamwangiana pudri ku kichwa, kuko paka mumoja ao babili ba ku avenue yetu banakuya kunipigia hodi: yaya, nataka kuingia filozofia, banafanyaka je juu ya kutoka na kote (alama) ya muzuri? Na kila mwaka najibiaka pale pa mulango, nusu saa, makelele ya bamotari, kisha akiisha kwenda njo nakumbuka ile ya lazima sikuisema. Leo naandika yote mara moya, mutanisamehe kama inakuwa murefu, muntu mwenye alisoma filozofia miaka tano hawezi tena kusema mu kifupi.

Kwanza tusikilizane juu ya ile neno distinksio. Mi nilisoma mu sisteme ya zamani, gradua miaka 3 kisha lisansi miaka 2, na kote ilikuwaka kwa mia: 50 mpaka 69 ni satisfaksio (siye tulisemaka satisi tu), ukifika 70 ni distinksio, 80 ni grandi distinksio, na 90 ni ile ya bantu benye sijaona na macho yangu. Nyie sasa muko mu LMD (lisansi, masteri, doktora), lisansi ni miaka 3, semestre 6, kredi 30 kila semestre, jumla 180, na juu ya kuvalida kozi unapashwa kufikisha 10 ku 20. Hesabu imebadirika, lakini ile yenye inatenganisha mwanafunzi wa satisi na wa distinksio haikubadirika hata kidogo, na njo ile nataka kuonesha.

Ukiwa na bandugu Zambia ao Afrika ya Kusini utasikia banasema "honasi". Afrika ya Kusini unamalizaka digrii ya miaka 3, kisha unaongeza mwaka moya ya honasi na kautafiti ndani. Uingereza honasi iko ndani ya ile digrii yenyewe, na ukifikisha 70 ku mia banakupatia kalasi ya kwanza. Marekani, fasi mingi, mwanafunzi mwenyewe njo anaomba kuandika memwari (kazi ya utafiti) mu mwaka ya mwisho, chini ya profesa moya, juu ya kozi zake za kawaida. Siye hatuna hiyo ya pembeni, TFC (kazi ya kuandika ya kumaliza masomo) ni ya bote, lakini kazi ni ile ile: kote ya muzuri mu kozi, na ku mwisho kuandika kintu yenye hata muntu asiyekubaliana na weye ataisoma mpaka ukurasa ya mwisho. Kitu kingine, ukijaza fomu ya bursi ya inje usiandike "digrii ya heshima", ile njo banapatiaka bazee ba siasa bila kukaa mu oditware hata siku moya.

Ya nyumbani naipita mbio. Mama yangu aliniuliza: mwanangu, filozofia inalishaka? Sikuwa na jibu. Bale tulimaliza nabo, mumoja anafundisha ku sekondari, mumoja eko ku redio, mumoja aliendelea na masomo ya sheria, babili ni mapadri, na mumoja anauzisha simu Kamalondo, ule njo eko na feza kutupita siye bote. Waambie bazazi ukweli, usiwaahidi ofisi. Na kama Kifaransa yako ingali inatembea na fimbo, anza kuikomalia leo, juu kozi yote iko mu Kifaransa na hakuna profesa atakungojea.

Mwaka ya kwanza: usikariri

Mwaka ya kwanza nilipata 7 ku 20 mu lojiki. Si kusema sikusoma, hapana, nilikuwa nimekariri silabusi yote, hata makosa ya mwenye alipiga mashini nilikariri. Nilienda kuangalia ku valvu (ubao ya matangazo), nikasoma jina yangu mara tatu nikizani ni ya mwengine. Ku egzamen mwalimu hakuuliza "silojismi ni nini", alitupatia kipande ya mazungumuzo na akasema: onesheni fasi haishikani. Angalieni kama hii:

Kama mvua inanyesha, barabara ya Kasapa inaloba. Barabara imeloba. Basi mvua ilinyesha.

Nusu ya oditware tuliandika iko sawa. Haiko sawa, juu tiyo ya maji inaweza kupasuka mu mwezi ya munane, wakati hata wingu moya haionekane mbinguni, na barabara ikaloba vile vile. Sasa igeuze: barabara haikuloba, basi mvua haikunyesha. Hii inashika, hauwezi kuitosha hata ukivuta namna gani. Tofauti ya hizi mbili inaonekana kama ya batoto, lakini kila memwari mubaya nilisoma kisha (na nimesoma mingi, bantu bananiletea nibakosolee) kosa yake kubwa ilikuwa ile ya kwanza, imevalishwa tu suti ya Kifaransa ya murefu.

Basi lojiki usiisome usiku wa kuamkia egzamen. Kila magaribi kamata neno moya yenye ulisikia, ku redio, ku mahubiri, ku bale banabishana juu ya timu za mupira, Mazembe na Lupopo, uiandike mu mistari mitatu: sababu ya kwanza, sababu ya pili, mwisho. Kisha ujiulize: zile mbili zinaweza kuwa kweli na mwisho ikawa bongo (uongo)? Kama ndiyo, umepata tundu. Dakika kumi tu. Nilifanya ile miezi mitatu juu ya sesio ya pili na nikapita, na tangu pale hata mu kozi zingine kote yangu ilianza kupanda.

Kusoma kitabu ya filozofia

Hapa nitakawia kidogo, juu njo hapa bengi banapotea.

Kitabu ya filozofia haisomwe kama hadisi. Kurasa kumi kwa siku ni mingi, na ule anasema alimaliza Kant mu wikendi, muulize swali moya tu utaona. Mi nilikuwa nasoma mara tatu. Mara ya kwanza mbio, bila biki ku mukono, juu ya kujua tu huyu muntu anaenda wapi. Mara ya pili natafuta ile fungu moya yenye mwandishi anataka niikubali, kuko yote inazunguka, na mara mingi haiko ku mwanzo, iko imefichama katikati. Mara ya tatu nakamata kikaratasi, naandika sababu zake moya moya na namba, na pembeni naandika fasi sikubaliane nazo ao sikusikia. Na ile kikaratasi naiandika mu Kiswahili.

Bantu banachekaka nikisema hii. Lakini Kifaransa inafichaka ujinga yetu. Unaweza kuandika "transandantali" mara kumi na tano ku ukurasa moya na hakuna mwenye atakuuliza ni nini. Mu Kiswahili yetu hauna fasi ya kujificha, unapashwa kusema kintu. Kama hauwezi kueleza ile sababu mu maneno ya kila siku, haukuisikia bado, rudia.

Tanti yangu anauzishaka makala Katuba. Siku moya, nilikuwa na interogasio juu ya Descartes, ile kitabu yake ya kutafakari ya mwaka 1641, nikakaa pembeni ya migunia yake nikamueleza: tanti, kuko muzungu moya alisema anaweza kukatala yote, kama macho yanamudanganya, kama dunia yote ni ndoto, lakini wakati anawaza hawezi kukatala kama yeye eko, juu kuwaza kunaomba muwazaji. Na kisha akasema yeye ni kintu yenye kazi yake ni kuwaza. Tanti akaendelea kupima makala, kisha akaniuliza: "Na wakati amelala kabisa, bila kuota, eko wapi?"

Nilicheka, nikarudia ku kot (chumba yangu ya mwanafunzi). Mwaka ya pili njo nikakuta ile swali yenyewe mu Locke, filozofu wa Uingereza, mu kitabu yake ya 1689 juu ya akili ya muntu, ku mwanzo ya sehemu ya pili: roho haiwazake saa yote, usingizi ya bila ndoto inaonesha. Tanti yangu hakusoma Locke. Lakini alifanya ile filozofia inaomba, alisikia sababu, akaitafutia fasi yenye haishikane. Tangu ile siku kila andiko ya nguvu naendaka kwanza kuieleza ku makala. Mutafuteni tanti wenu, mwenye hatawaheshimia Kifaransa.

Na mukuwe babili, batatu, bane wa kusoma pamoja. Siye tulikutanaka siku ya posho saa nane chini ya muembe, mumoja anatetea mwandishi, mwengine anamupiga, kisha munabadirishana. Wa kutetea hana ruhusa ya kusema "profesa alisema". Tukichoka tunakunywa munkoyo na mambo inageuka kuwa ya mupira, haina ubaya.

Muko mu muji yenye hii mabishano ilianzia

Kuko kintu inanikasirisha. Batoto ba huku banaingia filozofia na banazani filozofia ni ya Athene na Paris, kisha banaandika TFC juu ya Nietzsche kama bale elfu benye baliandika mbele, wakati kitabu yenye iliwasha moto yote ya filozofia ya Afrika ilitokea mu Kifaransa hapa hapa, Elisabethville (jina ya zamani ya Lubumbashi), 1945. Ni ya Placide Tempels, padri wa Wafransisko, Mubeleji, alifika Kongo mu 1933 na akakaa na Baluba ba Katanga. Yeye alisema Bantu beko na filozofia, na kiini yake ni nguvu ya uzima: ku Mubantu, kuwa ni kuwa na nguvu, na nguvu inaongezeka ao inapunguka. Bengine balifurahi, mwishoni muzungu anakubali tunawaza. Bengine balikasirika, juu Tempels anasema ni yeye mwenye atatuelezea ile tunawaza, siye benyewe hatuwezi.

Kisha 1956 ikatokea kitabu ya Alexis Kagame, padri wa Rwanda, yeye alipitia lugha: mu Kinyarwanda mizizi ni -ntu, na kintu yote yenye iko inaingia mu moya ya fasi ine, umuntu (yenye iko na akili), ikintu (yenye haina akili), ahantu (fasi na wakati) na ukuntu (namna). Kisha Fabien Eboussi Boulaga wa Kamerun akamushambulia Tempels mu 1968. Kisha Paulin Hountondji wa Benin, mwenye alifundisha Kinshasa na hapa Lubumbashi mu mwanzo ya miaka ya 70, akasema mu 1976 kama zile haiko filozofia, ni etnolojia yenye imevaa koti ya filozofia, juu filozofia ni ya muntu moya mwenye anaandika na anajibiwa, haiwezi kuwa mawazo ya kabila muzima benye banakubaliana bote bila kubishana. Na V.Y. Mudimbe, mutoto ya Likasi, alizaliwa 1941, akafundisha hapa mu miaka ya 70 mbele ya kwenda Marekani, yeye aliuliza swali ingine kabisa: hii "Afrika" yenye munabishania, ni nani aliitunga? Kitabu yake kubwa ya 1988 iko mu Kingereza, alikufa mu 2025.

Someni hizi kwa mufuatano, kila moya inajibia ile ya mbele. Ni shule ya muzuri kupita silabusi yoyote, juu unaona bantu bazima bakitosheana makosa, na unaona hakuna mwenye alimaliza mabishano.

Swali

Distinksio inatokaka hapa. Si mu idadi ya kurasa, si mu maneno ya nguvu, ni mu swali. Swali moya, ndogo, yenye inaweza kujibiwa "hapana", na yenye unaweza kutaja jina ya muntu mwenye atakubishia na sababu yake. "Filozofia na maendeleo ya Afrika" haiko swali, ni kichwa ya hotuba. "Mawazo ya Platon juu ya haki" haiko swali vile vile, ni kozi yenye ilishafundishwa.

Nitawaonesha yangu, si kujisifu, ni juu ni yenye nayua ndani na inje. Siku moya niko nasoma Kagame, ndugu moya kutoka Dar akanisikia nasema "kitabu yangu" akacheka, kwabo ni "kitabu changu". Nikajisemea: ngoja. Kama kategoria za uwepo zinatoka mu ngeli za lugha, siye bantu ba Lubumbashi benye tunasema muti yangu, kitabu yangu, nyumba yangu, yote na ya-, tumepoteza kategoria? Nkambo yangu wa Kamina, mwenye Kiluba yake iko na ngeli yote, yeye na miye tunaishi mu dunia mbili?

Swali ikapatikana. Jibu ya kwanza ilikuwa ya furaha: hapana, haiwezekane, nkambo na miye tunakubaliana vizuri kabisa nani ni muntu na nini ni kintu, basi Kagame amekosea, nimemaliza. Nikampelekea asistani. Akaniambia: umempiga muntu mwenye hajasimama. Musaidie kwanza asimame.

Nikarudi. Wiki mbili. Na hapo nikaona kintu sikuwa nimeiona: Kiswahili yetu haikupoteza yote. Tunasema muntu eko, kintu iko. Ba- kwa bantu, i- kwa bintu, ile hatuikosaneshe hata siku moya. Na ku, mu, pa tunazo kupita hata bandugu ba pwani: ku nyumba, mu nyumba, pa mulango. Maana yake ngeli zilianguka, lakini zenye zimebaki ni karibu zile zile za Kagame, muntu, kintu, hantu! Sasa Kagame amesimama na eko na nguvu kuliko mbele, anaweza hata kusema: munaona, lugha ilitupa yote ya bule ikabakisha mifupa.

Na pale tu njo nikapata haki ya kumushambulia. Juu Kifaransa vile vile iko na neno ya kuuliza nani, ya kuuliza nini, ya kuuliza wapi, ya kuuliza je. Kama zile fasi ine ni maswali yenye kila muntu wa dunia anauliza, basi ni za bantu bote, haiko za Kibantu. Na Benveniste, mutaalamu wa lugha wa Ufaransa, mu 1958 alisemaka kintu kama ile juu ya Aristote, kama kategoria zake kumi zilikuwa za lugha ya Kigiriki. Basi shapita ya kwanza Kagame mwenyewe, ya pili Kagame mwenye nguvu na musaada ya Kiswahili ya Lubumbashi, ya tatu pigo na mipaka ya pigo. Njo ile yote. Ile shapita ya pili, ya kumusaidia mupinzani, njo yenye iliniletea distinksio, lekta (mwalimu mwenye anasoma TFC juu ya kuikosoa) mwenyewe alinisemea.

Ingine, kwa benye banapenda mambo ya feza na siasa. Locke, mu kitabu ingine ya 1689, anasema muntu akitia kazi ya mikono yake mu kintu ya dunia yenye haina mwenyewe, ile inakuwa yake, kama anaachia bengine ya kutosha na ya muzuri vile vile. Chukua sasa kreuzere wa Kolwezi mwenye anachimba mu konsesio ya kampani. Alitia kazi, jasho, hata maisha. Lakini konstitisio yetu ya 2006, artikle 9, inasema serikali njo iko na mamlaka juu ya udongo na chini ya udongo, na kode minyere (sheria ya migodi) ya 2002 yenye ilirekebishwa 2018 inapatia vibali. Je, Locke anamutetea kreuzere ao kampani? Usijibie mbio. Kampani vile vile ilitia kazi, ni kazi ya nani? Na "kuachia bengine ya kutosha", nani alivunja ya kwanza? Swali kama hii inalisha TFC, kisha masteri.

Direkta, utangulizi, na karatasi

Mwanzo ya TFC ya kwetu iko na sehemu zake zenye munazijua: problematike, ipotezi, sababu ya kuchagua, hali ya swali, metodi, mipaka, mugawanyo. Bengi banazijaza kama fomu ya kitambulisho. Mu problematike banaandika kurasa tatu juu ya "tangu zamani muntu alijiuliza". Kata ile. Weka mugongano: huyu anasema hii, huyu anasema ile, zote mbili haziwezi kuwa kweli, sasa tufanye je. Ipotezi ni jibu yako mu mistari mitano, na iandike tena ku mwisho, juu itakuwa imebadirika. Mu hali ya swali usitaje bitabu kumi na mbili benye haukufungua, taja ine na useme kila moya iliacha wapi. Metodi, tafazali, kama unasema ni "analitike na kritike" onesha kwa kutenda.

Direkta (profesa mwenye anakuongoza mu TFC) umuchague juu ya bitabu anasoma, si juu ya jina yake. Wangu alikaa na shapita yangu ya pili miezi minne, kila mara "nimeiacha ku nyumba". Nilichelewa kujifunza hii: usimupatie muntu mwenye kazi mingi kurasa arobaini, mupatie tano na maswali tatu juu, atasoma pale pale amesimama ku kolidori. Kisha jioni muandikie mesaji ya adabu, "Profesa, leo mulinishauri hii na hii, nitafanya hivi", ndivyo hatasahau na weye hautasahau. Asistani msimuzarau, mara mingi yeye njo anasoma kila musitari.

Kuhusu bitabu: biblioteke inakuwaka na pengo, tunajua. Lakini Stanford Encyclopedia of Philosophy ni ya bule ku intaneti, iko mu Kingereza, isome polepole na kamusi, iko na makala ya bataalamu juu ya karibu kila kintu. Mu Kifaransa kuko Les Classiques des sciences sociales ya Chicoutimi, kule Kanada, unapakua Descartes, Rousseau, Hume bila kulipa. Fanyeni usiku wakati mega iko bei ndogo na kurenti iko. Zotero ni programu ya bule ya kupanga marejeo, jifunze mu mwaka ya pili, si wiki ya mwisho.

Na zile programu za akili bandia zenye zinajibia kila kintu. Sisemi musizitumie, mi nazitumia kutafuta pingamizi. Lakini nilimuuliza moya anipatie bitabu juu ya Kagame, ikaniletea kitabu yenye jina ya muzuri, mwaka, hata nyumba ya uchapishaji, na ile kitabu haiko duniani, nilitafuta siku mbili mpaka nikasikia haya. Kama haukushika ukurasa na macho yako, usiitaje. Na ukikopi fungu ya muntu andika pale pale namba ya ukurasa, ile siku ya kwanza, juu kisha miezi sita hautajua tena ni yako ao ni yake, na juri haitaamini kama ulisahau.

Tuma kazi ku imeli yako mwenyewe kila jioni. Fleshi yangu ilikamata virusi ku siberi moya wiki tatu mbele ya kudepoze (kupeana kazi), shapita ya tatu yote ikaenda, nikaiandika upya na kichwa tu na vikaratasi vya Kiswahili. Vile vikaratasi njo viliniokoa.

Defansi

Ni siku ya kutetea TFC yako mbele ya juri. Banakupatia dakika chache, usisome utangulizi, bote bako nayo mu mikono. Sema swali, sema jibu, sema fasi gani unajisikia zaifu. Ndiyo, iseme mwenyewe, mbele lekta hajaisema, juu akiikuta imefichama atakuchoma nayo, ukiisema weye anakuwa anazungumuza na weye.

Mi waliniuliza: unamukosoa Kagame mwenye aliandika juu ya Kinyarwanda, na Kiswahili ya muji ya migodi, iko haki? Nilitetemeka. Nikarudia swali kwanza mu maneno yangu, ile inakupatia sekunde kumi za kuvuta pumuzi, kisha nikajibia: kwa sehemu haiko haki, na ku ukurasa wa mipaka nilisema, lakini yeye mwenyewe mu 1976 alipanua mambo yake ku lugha zingine za Kibantu, basi alifungua mulango, na miye niliingia mu ile mulango. Mumoja alitabasamu. Swali ingine sikuijua kabisa, nikasema sijui, nitatafuta. Hakuna mwenye alikufa.

Kamata bitabu zako kubwa, utie karatasi ku kurasa zenye unataja. Kula mbele ya kwenda, hata mukate na kalanga, juu watakuweka mu kolidori kungojea na bukari ya mama itakuwa mbali. Na suti ukope mapema, usiku ule kila muntu anatafuta.

Kisha ikiisha, usikimbilie picha tu. Fanya marekebisho yenye juri iliomba mu wiki ile ile wakati kichwa ingali moto, depoze nakala zako, na uende ku aparitora (ofisi ya wanafunzi) kuomba releve ya kote ya kila mwaka na atestasio, juu diplome yenyewe inaweza kukawia na bursi ya inje haikungojee. Piga skani yote, uweke ku imeli, ubakishie ndugu moya nakala. Wangu iko ku tanti, ndani ya sanduku, chini ya kitabu yake ya madeni ya makala.